Mlango wa Atuganile

Kwenye mazishi ya wifi yangu Atuganile nilicheka, tena kwa sauti, mpaka mjukuu wake mmoja akanishika mkono akidhani nimezidiwa. Sikuzidiwa. Siku hizi gari linafika hadi kwenye mikaratusi ya mpakani mwa shamba letu, pale juu ya Mbalizi, na vijana waliolishusha jeneza wakaanza kulipeleka nyumbani kwa njia ya mbele, njia pana iliyofagiliwa tangu alfajiri na kunyunyiziwa maji. Akina mama watatu wa Kinyakyusa, wazee wenzake wa kanisani, wakasimama katikati ya njia wakatanua mikono kama watu wanaozuia ng'ombe. "Hapiti huko," akasema mmoja. "Huko yupo mkwewe." Kijana aliyeshika mbele akauliza mkwe yupi, akaonyeshwa kaburi la baba yangu kando ya njia, lenye msalaba wa saruji na jina ambalo mvua imeshaanza kulifuta. "Lakini bibi, si wote wamekufa?" Yule mama akamjibu, "Ndiyo maana hawezi kujificha mwenyewe. Zungukeni." Basi vijana wa watu, na suti zao na viatu vya kung'aa, wakazunguka na jeneza kwa nyuma, kwenye kile kijia chembamba kinachotoka kisimani, kikapita kati ya migomba na kuingia nyumbani kwa upande wa jikoni. Hapo ndipo nilipocheka. Nilikuwapo siku kijia kile kilipolimwa, na nilishika ncha moja ya kamba.

Sasa mimi ni bibi kizee wa Iringa mjini, na magoti yangu yanatabiri mvua kuliko redio. Mambo ya ukoo, nani alimzaa nani na nani alihama kutoka wapi, nawaachia wanaoyapenda. Itoshe kusema kwamba baba yangu alikuwa Mhehe aliyekuja Mbeya na kazi ya barabara, barabara ikapita, yeye akabaki. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka ambao kaka yangu Festo alimwoa Atuganile kutoka Tukuyu, na ndani ya mwaka huo sikukuu moja ya Pasaka, kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu. Waingereza walikuwa bado wapo, mimi nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa na hakika kwamba mambo yote muhimu duniani nilikuwa nimeshayaona.

Jiko letu lilisimama peke yake nyuma ya nyumba. Lilikuwa la matete yaliyokandikwa udongo, na mlango wake mmoja ulitazama uwani. Kabla ya Atuganile lilikuwa jiko la kazi na moshi. Alipokuja likawa mahali pa kukaa. Alikuwa na kicheko kinachoanzia tumboni, na kila jambo aliligeuza hadithi: kuku aliyekataa kulalia mayai, mchungaji aliyesinzia kwenye mahubiri yake mwenyewe. Ndugu zake walikuwa wamemwambia kwamba Wahehe tunakula mbwa, kama watani wetu wote wanavyosema, kwa hiyo wiki ya kwanza alimlisha mbwa wetu Askari mafupa mazuri kuliko yangu, kwa huruma, ili walau afe ameshiba. Nilipomwambia kwamba Askari ana umri mkubwa kuliko darasa langu na hajaliwa bado, alicheka mpaka akakaa chini. Kitu kimoja tu kilinikera kwake. Alikuwa ananitazama. Tukichambua mboga, tukila, tukipepeta, mara nainua macho namkuta amenikazia macho usoni, kwenye paji, kwenye pua, kwenye kidevu, kama mtu anayesoma. Mara nyingi nilijifuta mdomo nikidhani nina uji, na kuna siku nilikwenda kujikagua kwenye kioo cha kunyolea cha baba, nikakuta uso uleule niliolala nao.

Kwa baba mambo yalikuwa kinyume. Baba, Atuganile hakumtazama kabisa. Kwao, mke hamwoni baba mkwe wala haonwi naye, na Atuganile aliishika mila hiyo kama amri ya kumi na moja. Akimsikia baba anakuja, alijifunika khanga kichwani na kupotelea kwenye mahindi. Baba akiwa amekaa uwani, yeye alijifungia jikoni hata kama moshi unamtoa machozi, kwa sababu ule mlango mmoja ulimtazama baba. Akitaka kusema naye, alisema nami. "Twilumba, mwambie baba uji uko tayari," angesema kwa sauti nyuma ya matete, na baba, aliyekaa hatua chache tu, alisubiri nitoke nije nimwambie jambo alilokwisha kulisikia. Nilimuuliza wifi kwa nini anajitaabisha hivyo. "Mama alinifunda," akaniambia. "Kwetu, mkwe ukimkimbia ndiyo umemsalimu. Nikimtazama nitakuwa nimemvunjia heshima. Na sasa nina huyu," akagusa tumbo lake, lililokuwa ndiyo kwanza linaanza kuonekana, "siwezi kufanya mchezo." Kwa watu wa baba, mkwe anakuja mbele ya mzee, anapiga magoti, anasalimu, anampa maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo kila Atuganile alivyozidi kumheshimu baba, baba alizidi kujiona amedharauliwa. Kaka Festo alijaribu kueleza. "Ni mila yao, baba." Baba akamjibu, "Na mila yetu iko wapi? Ameolewa Tukuyu au ameolewa hapa?" Festo, ambaye alikuwa fundi wa baiskeli na kipaji chake kikubwa kilikuwa kukumbuka kazi ya mbali pindi maneno yakianza kukolea, akakumbuka kuna tairi Mbalizi linamsubiri.

Mambo yangeendelea hivyo kama shangazi asingekuja kula Pasaka. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na alishuka kwenye lori la Iringa siku ya Alhamisi akiwa na kuku wawili, gunia dogo la mchele alioununua njiani kule Rujewa, Usangu, na kibuyu alichosema ni dawa ya kifua. Dawa hiyo ilifumuka kizibo usiku wa kwanza tu, sebuleni, katikati ya sala, na nyumba nzima ikanuka ulanzi, ile pombe ya mianzi. Tuliitikia amina haraka kuliko siku zote. Asubuhi ya Ijumaa Kuu alikaa uwani kwenye kigoda akinyoosha miguu, akisubiri mkwe aje asalimu. Yeye mwenyewe alisalimiwa vizuri, kwa magoti yote mawili, akatabasamu. Kisha baba akatoka ndani. Atuganile akaruka, akaipita ndoo, akampita Askari, akatumbukia kwenye mahindi, na kilichobaki uwani ni kandambili moja ya ngozi. "Kamwene," shangazi akaisalimu ile kandambili, kwa sauti nzito. Mimi nilicheka. Baba hakucheka.

Siku ile hatukufanya kazi, ilikuwa siku ya kanisa na kukaa kimya, tukala kande isiyotiwa chochote zaidi ya chumvi. Ukuta kati ya chumba changu na sebule haukufika juu, na jioni nikiwa nimejilaza nilisikia kila neno. "Kaka, unalea kiburi," shangazi alisema. "Mtu anakula chakula chako na uso hakupi. Nikirudi Iringa watu watauliza mkwe yukoje, nitawaambia nini? Ana kisigino kizuri?" Mama yangu, ambaye maneno yake yalikuwa machache na yalikuja kwa kuchelewa, akasema msichana ni mchapakazi na chakula chake kitamu. "Chakula hata hotelini kipo," shangazi akasema. Kisha baba akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Namsikia akicheka na Twilumba jikoni. Anacheka vizuri kweli yule mtoto. Nikikaribia, kicheko kinakatika. Kila siku. Sasa mimi ni nani katika nyumba hii, chui?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, na mimi niliyekuwa nimemkasirikia nikaanza kumhurumia. Wakakubaliana. Baba atamfuata mwenyewe kwa upendo, siku ya Pasaka, na zawadi mkononi. Akisalimu, yamekwisha. Mpaka Jumatatu jioni akiwa hajasalimu, basi Jumanne Festo amsindikize kwao Tukuyu akafundwe upya, na atakaporudi, kama atarudi, watazungumza. Nililala vibaya. Nilijua kabisa kwamba mwanamke aliyerudishwa kwao na mimba haji tena akicheka kama zamani.

Jumamosi ilikuwa ya kazi. Mvua za masika zilikuwa zimepumua kidogo na maharage ya kwanza yalikuwa yamekauka shambani, kwa hiyo tangu umande ukiwa mzito tulikuwa tumeinama wote tunang'oa. Hata shangazi alijifunga khanga kiunoni na kuingia. Baba alianza mstari wa juu na kuteremka, na Atuganile, ambaye alikuwa ameupiga hesabu mteremko ule mapema, alianza mstari wa chini na kwenda nyuma nyuma, mgongo ukimwelekea baba, akiwa haachi shina hata moja. Mimi nilikuwa katikati nikibeba matita kwenda uwani, na nikipita nilimnong'oneza, "Wifi, kesho baba atakuja kukusalimu. Msalimie tu, mara moja." Akasimama, akanitazama usoni kwa yale macho yake ya kusoma. "Ningeweza ningemsalimu hata leo," akasema. "Nampenda baba. Juzi alinichongea kigoda, unadhani sikujua ni yeye? Lakini siwezi, Twilumba. Itakuwa nimemvua nguo mbele za watu." Mchana baba alinichukua kwenye baiskeli twende sokoni Mbalizi. Mimi nilikaa nyuma nimeshika koti lake, tukateremka kwa mwendo ambao mama angeuona angepiga yowe, na sokoni akanunua nyanya, chumvi, na doti moja ya khanga nyekundu aliyoichagua kwa muda mrefu mpaka Mwarabu wa duka akamletea kiti. "Atapenda?" aliniuliza. Hakuwahi kuniuliza jambo kama hilo. Nikasema atapenda, kwa sababu kweli angependa, na sikuwa na ujasiri wa kusema yaliyobaki.

Siku ya Pasaka tuliamka giza likiwa bado, tukaenda kanisani tukiimba njiani, na tuliporudi harufu ya wali wa Usangu ilikuwa imeshajaa uwanja mzima. Wali wetu ulikuwa wa Krismasi na Pasaka tu, siku nyingine zote ni ugali na viazi, na mpaka leo nikisikia harufu ile nasikia na kengele. Kuku wawili wa shangazi walikuwa kwenye mchuzi. Baba hakuvua koti lake la kanisani. Aliichukua ile khanga, akailaza juu ya mikono yake yote miwili kama mtu anayebeba mtoto wa kubatizwa, akavuka uwanja, akainama, akaingia jikoni. "Mwanangu Atuganile," akasema, "Kristo amefufuka." Mimi nilikuwa ndani nikipuliza moto. Wifi alikuwa amesimama na sufuria ya mchuzi, ameugeukia ukuta, na mlango pekee ulikuwa umejaa baba mkwe. Aliinamisha kichwa. Nilidhani sasa anapiga magoti. Badala yake akageuza bega, akajitupa kwenye ukuta wa matete, na ukuta ukaachia. Udongo ulimwagika, vumbi likatimka, Askari akapita kwenye tundu nyuma yake, na jogoo nyuma ya Askari. Mwanga wa mchana ukaingia jikoni kwetu kutoka upande ambao haukuwahi kutokea. Mama alipozunguka kwa nyuma alimkuta Atuganile amechuchumaa kwenye migomba, nywele zimejaa udongo, sufuria mikononi, na mchuzi haukumwagika hata tone.

Leo nikisimulia habari hiyo watu wanashika mbavu, na wifi mwenyewe alikuwa akiisimulia vizuri kuliko mimi. Siku ile hakuna aliyecheka. Shangazi aliuliza kama ameona shetani. Baba alitoka, akasimama uwani na ile khanga, akaanza kuikunja upya taratibu kwa kufuata mikunjo yake ya dukani. Wali tuliula kimya kama tuko msibani. Jioni nilimkuta wifi chumbani kwake anafunga nguo zake kwenye shuka, habari ya Jumanne imeshamfikia. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Mimi nililia kwa niaba ya wote wawili. Akanishika kidevu akanigeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama kwa muda, kisha akaendelea kukunja.

Jumatatu ya Pasaka ilikuwa na desturi yake. Familia za kanisani zilipanda kilimani na vyakula vyao, wakae kwenye majani huko juu, wale, watoto wabiringike, wakubwa watazame bonde na kuonyeshana mabati ya Mbeya yanavyong'aa na uwanda wa Usangu kule mbali ulivyolala. Wifi alisema atabaki akandike ukuta. Sisi tulipanda bila raha, baba mbele, shangazi na mama wakifuata, Festo na mimi nyuma na kikapu cha mahindi mabichi na viazi na mtungi wa togwa. Tulikuwa tumefika pale njia inapobanwa na mtaro wa mvua tulipokutana na bibi mmoja anayeteremka, mvi zimemjaa, amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Tulipoanza kusalimiana, kengele ya baiskeli ikalia kwenye kona nyuma yetu. Yule bibi hakumaliza salamu. Alijifunika uso, akaruka mtaroni na mkungu wake, akachuchumaa humo akageukia udongo. Mzee mkongwe akatokea anasukuma baiskeli kupanda mlima. Alipouona mtaro umejaa, akageuza uso upande wa pili na kukohoa kwa adabu, lakini meno yake, yale machache yaliyobaki, yalikuwa nje yote.

"Mmemwona?" akamuuliza baba kwa furaha. Baba akasema amemwona, je, ameumia? "Aumie wapi! Huyo ni mkwe wangu. Ameolewa na mwanangu mkubwa, sasa ana wajukuu wake mwenyewe. Magoti mabovu, mgongo mbovu, lakini akisikia kengele yangu, paa, yuko mtaroni!" Shangazi hakuweza kuvumilia. "Na wewe unafurahi? Mtu anakukimbia maisha yake yote?" Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapenda kula. "Dada yangu, nina mkwe mwingine, mke wa mdogo mtu. Huyo kasoma mjini. Ananipita hapa anasema shikamoo baba, huyo, kaenda zake, hata hatua haipunguzi. Huyo ndiye ananisikitisha. Lakini huyu!" Akapiga kengele tena, bila sababu yoyote, kwa raha tu. Kisha akanigeukia mimi, maana nilikuwa mdogo kuliko wote. "Mwambie mama yangu huko aangalie ndizi zisipondeke." Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka mtaroni: "Mwambie baba hazijapondeka, na za kwake nimemwekea." Nikamwambia. Mzee akashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga" kwa sauti tamu, akasukuma baiskeli yake, akaenda zake.

Huko juu baba alikaa kwenye jiwe na hindi mkononi hata hali. Nilikuwa karibu naye, nikaona mabega yanaanza kutikisika. Nilidhani analia, na baba yangu hakuwa mtu wa kulia, nikaogopa. Alikuwa anacheka. Alicheka kwanza kimya, kisha kwa sauti, kisha mpaka akaliweka hindi chini. "Na sufuria!" akamwambia mama. "Alipita ukutani na sufuria, mke wangu! Mchuzi haukumwagika!" Mama naye akaanza. Shangazi alijaribu kukaa imara kwa heshima ya ukoo, akakaza midomo, na togwa ikamtoka puani. Festo alikuwa anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyefunguliwa kamba. Baba akasimama akapangusa koti. "Twilumba, Festo, inukeni. Tuna kazi nyumbani." Mama akamkumbusha kwamba ni sikukuu, na wali wa jana haujatulia tumboni. "Kazi hii haisubiri kesho," baba akasema, na tayari alikuwa anateremka.

Tulipofika, wifi alikuwa kisimani kuchota maji ya kukandia udongo. Baba hakumwita. Alichukua panga, akaenda kwenye lile tundu la jikoni, na badala ya kuliziba akalipanua. Aliyanyoosha matete pande zote mbili, akafunga nguzo mbili za mkaratusi na moja juu, akakanyaga udongo wa kizingiti kwa visigino vyake. Kisha tukavuta kamba kutoka pale kwenda kisimani, mimi huku, Festo kule, tukipita nyuma ya migomba mahali ambapo mtu aliyekaa uwani hawezi kuona hata kichwa, na baba akaanza kulima kijia. Shangazi alisimama akitazama, mikono kiunoni. Mwisho akamnyang'anya baba jembe. "Wanaume hamjui njia," akasema. "Mwanamke mwenye ndoo kichwani na tumbo mbele atapindaje hapa? Panueni." Tulilima mpaka jua likaanza kulala, tukiwa na nguo zetu za sikukuu. Kisha baba akaleta ile khanga nyekundu, akaitundika kwenye mlango mpya kama pazia, akazunguka kwenda uwani, akakaa kwenye kigoda chake akiupa mgongo upande wa jikoni.

Wifi alitokea na ndoo. Aliona kijia, akasimama. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye migomba. Alikifuata kijia kile hatua kwa hatua mpaka kwenye khanga, akaishika pindo, akaingia. Ndipo baba akakohoa, akamwambia Askari aliyelala miguuni pake, kwa sauti ya kusikika shamba zima, "Wewe Askari, mwambie mkwe wangu njia yake iko tayari. Na mwambie kwamba kutoka leo nikikaribia nitakohoa, kuta zangu zipumzike." Kisha jikoni ikatoka sauti nyembamba: "Askari, mwambie baba ndaga. Mwambie ndaga fijo. Na mwambie mchuzi wa jana umebaki." Na hapo kile kicheko kikaanza, kutoka tumboni, kikapanda, kikajaa jiko na kutokea milango yote miwili. Baba aliketi palepale, karibu kabisa, na kicheko hakikukatika. Nilimwona uso wake. Nimewaona watu wakipokea vitu vingi katika maisha yangu, lakini sijaona aliyepokea kitu kwa furaha kama ile.

Lile furushi lilifunguliwa usiku uleule. Shangazi alirudi Iringa Jumanne, na badala ya kuulalamikia ukoo alijisifu kwamba mdogo wake amepata mkwe anayepita ukutani. Mwaka ule uliobaki nyumba yetu ilijaa kukohoa. Baba alikohoa kwenye mikaratusi, akakohoa tena kwenye kona ya nyumba, mpaka jirani mmoja akamletea majani ya kifua. Mtoto alizaliwa salama, mvulana, na Atuganile alimtuma kwa baba kama alivyokuwa akinituma mimi, kwanza akibebwa na mimi, baadaye akitambaa mwenyewe. Miaka ikaenda. Nikaolewa Iringa, na nilikwenda kwa wakwe zangu nikijua jambo moja ambalo wenzangu wengi hawakulijua, kwamba mtu anaweza kukupenda kwa namna usiyoisoma, na kabla hujakasirika ni vizuri upande kilimani kwanza. Baba alipofariki, wifi alimlilia nyuma ya mlango wake, na alipozikwa alisimama mbali kwenye migomba, uso ameufunika kwa khanga nyekundu iliyopauka mpaka ikawa ya rangi ya matofali. Hakumwona hata siku hiyo.

Mara ya mwisho nilipomtembelea, tulikuwa vizee wawili jikoni, jiko la matofali sasa, lakini mlango wa nyuma upo palepale kwa sababu alikataa mafundi wauzibe. Tulikuwa tunachambua maharage. Nikainua macho nikamkuta ananitazama, paji, pua, kidevu, vilevile. Nikasema leo lazima nijue. "Wifi, tangu nikiwa darasa la nne unanitazama hivyo. Nina nini usoni?" Aliweka ungo chini, akacheka kile kicheko chake, sasa chenye kikohozi ndani yake. "Siku ya kwanza nilipokuja, mama yako alisema, huyu Twilumba na baba yake ni shilingi kwa ya pili. Kila aliyekuja alisema hivyo. Sasa mimi ningemjuaje baba? Kukohoa nilikujua, na visigino. Uso nilikuwa nautazama kwako. Kila asubuhi kabla sijawasha moto nilikuwa nakutazama wewe, namsalimu yeye."

Siku ya mazishi, baada ya jeneza kuingizwa kwa mlango wake na kuwekwa uwani, lilifunguliwa kwa heshima za mwisho. Watu walipita mmoja mmoja, kila mtu kwa muda mfupi, kama desturi. Zamu yangu ilipofika nilivua miwani, nikatoa kitambaa kichwani, nikainama karibu kabisa. Nilikaa hivyo mpaka foleni ikasimama na watu wa nyuma wakaanza kunong'ona, na yule mjukuu akanishika mkono tena. Nikamwambia asubiri kidogo. Nilitaka wifi amwone baba vizuri.